Neno la wiki: Hundi

Kwenye kaunta ya benki mjini Kahama, karani anaipokea hundi, anaigeuza kutazama mgongo wake, kisha anaipitisha kwenye mashine ndogo. Karatasi yenyewe haiendi tena popote.

Kinachosafiri ni picha yake na zile tarakimu za chini: namba ya hundi, benki na tawi, akaunti. Tangu 2015 hupitia TACH, mtambo wa Benki Kuu, hadi benki ya mwenye akaunti. Huko sahihi hukaguliwa, salio hutazamwa, ndipo hundi hulipwa au hukataliwa.

Neno lilitoka Bara Hindi, ambako mfanyabiashara alimwagiza kwa hundi mwenzake wa mji wa mbali amlipe mtu fulani. Wapo wanaosema cheki, kutoka Kiingereza. Hundi ni bora, maana limebeba ndani yake lile agizo la kale.

Na agizo si pesa! Mchimbaji wa dhahabu anayelipwa kwa hundi asikabidhi mzigo kabla fedha hazijaingia kwenye akaunti yake.