Darubini ya kwanza ya bunduki ya kuwindia: Usihadaike na ukubwa wa taswira

Uwindaji wa kujiburudisha ulipigwa marufuku humu nchini mwaka wa 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 ikaendelea kuuharamisha. Si ajabu basi kwamba Mkenya wa kawaida huijua darubini ya bunduki kupitia sinema pekee, ambamo mlengaji humwona adui aliye mbali sana kana kwamba ameketi naye meza moja, kisha akafyatua.

Hali ni tofauti kwa wenzetu wanaoishi ughaibuni. Katika jimbo la Michigan nchini Marekani, msimu wa kuwinda ayala wa mkia mweupe kwa bunduki huanza Novemba 15 na kumalizika Novemba 30. Ayala huyo ni jamaa ya yule anayetajwa katika Zaburi. Siku hiyo ya kwanza hushabihi sikukuu. Hata baadhi ya shule hufungwa. Mkenya aliyealikwa msituni na wafanyakazi wenzake hujipata mbele ya kabati la vioo lililosheheni darubini za kila bei, huku muuzaji akimmiminia maneno matamu. Makala haya yanamlenga huyo, pamoja na msomaji aliye nyumbani anayetaka kujua kifaa hiki hufanyaje kazi.

Kwanza, tuondoe dhana moja potovu. Neno 'darubini' lina asili ya Kiajemi na maana yake ni kionacho mbali. Hata hivyo, faida kuu ya darubini juu ya bunduki si kuleta mbali karibu. Anayelenga kwa vilengeo vya chuma hulazimika kupanga vitu vitatu katika mstari mmoja: kilengeo cha nyuma, kilengeo cha mbele kwenye ncha ya mtutu, na mnyama mwenyewe. Jicho la binadamu haliwezi kuviona vyote vitatu kwa uwazi kwa wakati mmoja. Darubini huitua alama ya shabaha juu ya taswira ya mnyama, jicho likaviona pamoja bila kuhangaika. Hata darubini isiyokuza chochote humfaidi mlengaji kwa sababu hiyo, hasa aliyevuka umri wa miaka 40 ambaye macho yake yameanza kukataa kusoma gazeti.

Darubini za bunduki zilikuwepo Marekani tangu karne ya 19, zikiwa mirija mirefu ya shaba iliyomgharimu mtu pesa nyingi. Mnamo 1930, fundi kwa jina Bill Weaver alianza kuuza darubini ndogo ambayo mwindaji wa kawaida angeweza kuinunua. Tangu hapo kifaa hiki kikaacha kuwa cha matajiri na wanajeshi.

Sasa tuzigeukie nambari zinazoandikwa kwenye boksi, maana hapo ndipo wengi huteleza. Darubini iliyoandikwa 3-9x40 huweza kukuza taswira kuanzia mara tatu hadi mara tisa, na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 40. Mnunuzi mgeni huziona nambari hizo kama vile anavyoona bei za nyama: zikipanda, basi bidhaa ni bora. Akioneshwa 3-9x40 na 6-24x50, huitwaa ya pili akidhani amepata mara mbili ya alichokuja kukitafuta.

Kwa kweli amejipunguzia. Taswira inapokuzwa mara tatu, mlengaji huona eneo lenye upana wa takriban mita 11 katika umbali wa mita 100. Ikikuzwa mara tisa, upana huo husinyaa na kuwa kama mita nne na nusu. Katika misitu ya Michigan, ayala hujitokeza kwa ghafla kati ya miti, pengine umbali wa mita 30 au 40. Aliyeweka darubini yake kwenye ukuzaji wa juu huinua bunduki akaona gome la mti, au kipande cha manyoya asichojua ni cha bega au cha paja. Anapoendelea kutafuta kichwa kiko wapi, mnyama keshatoweka.

Isitoshe, darubini hukuza kila kitu, pamoja na mtetemeko wa mikono. Alama ya shabaha inayotulia vizuri katika ukuzaji wa mara nne huruka kama panzi katika mara 20, na anayeanza hushikwa na wasiwasi akavuta kifyatulio kwa pupa. Kwa masafa ambayo ayala wengi hupigwa, yaani chini ya mita 100 msituni, ukuzaji wa mara tatu au nne hutosha kabisa. Mara tisa ni ya kutumia uwandani, mnyama akiwa ametulia na bunduki imeegemezwa. Kwa maoni ya mwandishi, darubini ya 3-9x40 au 2-7 yenye lenzi ya milimita 33 hadi 35 inamfaa mwanagenzi kuliko zote. Ajizoeze kutembea nayo ikiwa katika ukuzaji wa chini kabisa. Wakati wa kuongeza ukipatikana, ataongeza.

Lenzi ya mbele nayo ina siri yake. Ukigawanya kipenyo chake kwa ukuzaji, unapata upana wa duara la mwanga linalotoka nyuma na kuingia jichoni. Arobaini ukigawanya kwa tisa ni milimita 4.4, kwa sita ni 6.7. Mboni ya kijana hupanuka gizani hadi kama milimita saba, na ya mzee hadi tano hivi. Kwa hivyo, mtu akitaka kuona vyema wakati wa magharibi, dawa rahisi ni kupunguza ukuzaji. Hahitaji kununua lenzi kubwa kama chungu, ambayo huongeza uzito na kuinua darubini juu mno hadi shavu likakosa pa kutulia kwenye kitako cha bunduki.

Suala la mwanga si la anasa. Kanuni za Michigan huruhusu kuwinda ayala kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama, na ayala hupenda kutembea nyakati hizo hizo. Hapa ndipo ubora wa vioo hudhihirika. Kioo kitupu hurudisha takriban asilimia nne ya mwanga katika kila uso wake, na ndani ya darubini mna nyuso nyingi. Ndiyo maana lenzi hupakwa tando nyembamba za kuzuia mng'ao, teknolojia iliyoanza katika kampuni ya Zeiss nchini Ujerumani mwaka wa 1935. Mnunuzi aulize kama nyuso zote za vioo zimepakwa tando zaidi ya moja, au ni ile ya nje tu. Kisha aombe kutoka nje ya duka na kuitazama kona yenye kivuli. Chini ya taa za dukani kila darubini huonekana nzuri. Asiielekeze kwenye jua hata kidogo, kwani jicho litaungua.

Alama ya shabaha iwe sahili. Ile yenye mistari minne minene inayogeuka myembamba karibu na kitovu imedumu tangu 1962 kwa sababu nzuri: mistari minene huonekana hata giza linapoingia, na ile myembamba haimfuniki mnyama. Alama zilizojaa vijistari na vitone vya kukadiria masafa humchanganya anayeanza. Vilevile, usikubali kuambiwa kwamba mrija wa milimita 30 huleta mwanga zaidi kuliko ule wa inchi moja. Mrija mpana hutoa nafasi kubwa zaidi ya kurekebisha shabaha, basi.

Jambo linalopuuzwa mno ni umbali kati ya jicho na lenzi ya nyuma. Bunduki zenye nguvu kama za kaliba ya .308 au .30-06 hurudi nyuma kwa kishindo. Ikiwa taswira kamili huonekana tu jicho linapokaribia kioo, ukingo wa darubini utampiga mlengaji juu ya nyusi na kumwachia kovu la umbo la mwezi mwandamo. Wawindaji wakongwe humtambua mwanagenzi kwa kovu hilo na kumcheka mwaka mzima. Nafasi ya sentimita tisa au zaidi ni salama. Ijaribiwe ukiwa umevaa koti zito la baridi, maana koti hilo huisukuma bunduki mbele na kubadilisha vipimo vyote.

Kuhusu bei, kwa sasa mtu anaweza kupata darubini ya kuaminika kati ya dola 200 na 400. Zipo za dola 50, nazo hupendeza machoni hadi siku ya mvua zinapoingia ukungu ndani. Darubini ya kufaa huwa imefungwa barabara na kujazwa naitrojeni badala ya hewa yenye unyevu. Afadhali bunduki ya kawaida yenye darubini nzuri kuliko bunduki ya fahari iliyobebeshwa darubini hafifu. Tena zitengwe pesa za pete na vishikizi vinavyoifunga darubini kwenye bunduki. Skrubu ikilegea kidogo tu, risasi huenda upogo, na mwenyewe akailaumu darubini isiyo na hatia. Skrubu zikazwe kidogo kidogo kwa zamu, upande huu kisha upande ule, kwa kiwango kilichoelezwa na mtengenezaji.

Baada ya kufungwa, darubini bado haijui risasi inakokwenda. Lazima ilinganishwe na bunduki hiyo, kwa risasi zile zile zitakazotumika msituni. Kazi hii ifanyiwe kwenye uwanja wa shabaha, bunduki ikiwa imeegemezwa juu ya mifuko ya mchanga. Anza kwa umbali mfupi wa mita 25 ili uhakikishe risasi zinapiga karatasi, kisha usogee hadi mita 100. Piga tatu kabla ya kugusa chochote, kwani risasi moja haithibitishi lolote.

Darubini nyingi za Marekani hurekebishwa kwa vifundo viwili, cha juu na cha kando, vinavyolia 'tik' kila hatua. Hatua moja kwa kawaida husogeza shabaha kwa milimita saba hivi katika umbali wa mita 100. Ikiwa matundu matatu yamekusanyika sentimita tano kushoto mwa kitovu, basi zungusha hatua saba kuelekea kulia. Katika mita 25, hatua hiyo hiyo husogeza chini ya milimita mbili, hivyo kosa la sentimita tano litahitaji hatua mara nne zaidi. Bunduki ya .308 iliyolinganishwa kwa mita 100 itapiga takriban sentimita 10 chini ya shabaha katika mita 200.

Sentimita hizo si hesabu za kujifurahisha. Moyo na mapafu ya ayala, nyuma tu ya bega, huchukua eneo lenye upana wa sentimita 20 hadi 25. Risasi ikipita hapo, mnyama huanguka baada ya muda mfupi. Ikipita tumboni au ikivunja mguu, hukimbia na jeraha akafie vichakani baada ya saa nyingi au hata siku, na nyama ikaoza. Mwanagenzi apime uwezo wake kwa sahani ya chakula ya upana huo: masafa ambayo hawezi kuipiga kila mara, akiwa amepiga goti au kuketi kama atakavyofanya msituni, asithubutu kumfyatulia mnyama, hata kama darubini inamwonesha kope zake.

Kuna kosa jingine linaloweza kumpeleka mtu kaburini. Darubini ya bunduki si ya kupelelezea. Anayesikia majani yakichakarika na kuinua bunduki ili atazame ni nani, tayari amemwelekezea mtutu asiyemjua. Huenda ni mwindaji mwenzake, au mtoto aliyefuata mbwa. Kwa kazi hiyo, nunua darubini ya mkononi ya macho mawili, hata iwe ya bei nafuu. Bunduki iinuliwe baada ya kujua kilichosimama pale na kilicho nyuma yake.

Kwenye baridi ya Novemba, usihemee kioo cha nyuma, na usiilaze bunduki karibu na moto kisha uirudishe nje mara kwa mara, maana vioo vitafunikwa na ukungu.

Kabla ya haya yote, msomaji aliye Marekani aangalie karatasi zake. Sheria ya serikali kuu humzuia mgeni aliyeingia kwa viza ya muda, wakiwemo wanafunzi, kumiliki bunduki au risasi, isipokuwa katika vighairi vichache. Kimojawapo ni kuwa na leseni halali ya kuwinda. Huko Michigan, aliyezaliwa tangu Januari 1, 1960 lazima apitie mafunzo ya usalama kabla ya kuuziwa leseni ya kawaida. Mwenye leseni ya uanagenzi huandamana na mtu mzima mwenye uzoefu.

Na anayefikiria kumletea mjomba aliye nyumbani darubini kama hiyo ndani ya begi, akidhani ni kioo tu kama miwani, asifanye hivyo. Darubini za bunduki zimo katika orodha ya bidhaa ambazo Marekani hudhibiti usafirishaji wake nje ya nchi, na kuileta Kenya huhitaji kibali. Mjomba atashukuru vivyo hivyo kwa ile ya macho mawili, ambayo ataitumia kuwatazamia ndege.