Stesheni ya Nachingwea: Reli Iliyojengewa Karanga

Reli ya Kati, ambayo ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kwa sehemu kubwa iliandama njia iliyokwisha kukanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi katika zama za misafara ya pembe za ndovu baina ya pwani, Unyanyembe na Ujiji. Kwa hiyo stesheni zake nyingi zilikuta watu na biashara mahali pake. Stesheni ya Nachingwea, katika Jimbo la Kusini, haikujaaliwa bahati hiyo.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, kwa uhaba wa mafuta ya kupikia uliowasibu raia wake baada ya vita, ilianza kutekeleza azma ya kulima karanga Tanganyika, mahali patatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Pori lilifyekwa kwa mitambo, mingine ikiwa ni vifaru vya vita vilivyovuliwa mizinga na kugeuzwa matrekta. Kwa ajili ya mazao yaliyotarajiwa, reli ilitandazwa kutoka gati ya Mkwaya, katika hori ya Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Na mwaka 1954 njia nyingine ikaiunganisha, kupitia Ruo, na bandari mpya ya Mtwara yenye kina kirefu. Ajabu ni kwamba mpango wenyewe ulikwisha kuvunjwa Januari 1951, baada ya hasara ya takriban pauni milioni 36, hata bandari ikafunguliwa ilhali shehena iliyokusudiwa imekwisha kufa.

Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki liliendelea kuiendesha reli hiyo, lakini mizigo iliyosalia haikukidhi gharama. Mwaka 1962, Tanganyika ikiwa changa katika uhuru wake, ikafungwa, kisha vyuma vyake vikang'olewa.

Karanga ziliwavunja moyo watu wa Urambo vilevile. Ila stesheni yao, kwa kuwa iko katika njia kuu ya Tabora na Kigoma, ilibaki na abiria wake, na tumbaku ikashika nafasi ya karanga. Basi wanaoazimia leo kujenga reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay kwa ajili ya makaa ya mawe na chuma, inawapasa kujibu suali moja kabla ya taruma la kwanza kulazwa: shehena hiyo ikikoma, ni nani atakayepanda?