Uamiaji na Kwelea Wawili

Kabla ya eropleni za kunyunyizia sumu kufika katika nyanda kavu za Afrika Mashariki, mavuno ya mtama na uwele yalitegemea uamiaji, yaani kazi ya kushinda shambani tangu alfajiri hadi machweo ili kufukuza ndege, mlinzi akiwa juu ya dungu, jukwaa la miti lililoinuka kupita mashuke, akirusha udongo kwa kombeo na kupiga mayowe kila kundi liliposhuka. Kazi hiyo iliwaangukia zaidi wanawake na watoto, na hata baada ya shule kuenea, watoto wengi waliendelea kukosa masomo nafaka ilipoanza kukomaa. Gharama hiyo haistahili kusahauliwa katika historia ya kilimo.

Adui mkuu alikuwa kwelea domo-jekundu, ambaye Linnaeus alimpa jina la kisayansi mwaka 1758. Ndege huyu wa jamii ya kwera ana uzito wa gramu 20 hivi, lakini kwa kuwa huweza kula takriban gramu 10 za mbegu kwa siku, kundi la ndege 1,000,000 huweza kumaliza tani 10. Hufuata mvua kutoka eneo moja hadi jingine na kujenga matundu kwa maelfu katika migunga yenye miiba. Ndugu yake, kwelea kichwa-chekundu, hufanana naye kwa kiasi, ingawa dume wake wakati wa kuzaliana ana kichwa chekundu chote na domo jeusi. Huyu hupendelea maeneo yenye unyevu, hujenga katika matete kwa makundi madogo zaidi, na hasara yake huonekana hasa katika mpunga.

Udhibiti wa karne ya 20 ulimlenga yule wa kwanza: tangu miaka ya 1950 malalo yake yalishambuliwa kwa baruti na kwa sumu iliyomwagwa kutoka angani, na baadaye kwa fenthioni, kiuatilifu ambacho huua pia kwelea kichwa-chekundu na ndege wengine waliolala humo, wakiwemo wawindaji kama mwewe na bundi. Katika wilaya ya Kondoa nchini Tanzania, ambako wanakijiji hutega kwelea kwa ajili ya kitoweo na biashara, sumu hiyo huharibu chakula kile kile ambacho mitego hukipata bila kuwadhuru bundi.