Pepa ya masoko: vile utajibu maswali ya kisa kama uko Ukunda

Kama unafanya diploma ya mauzo na masoko ya KNEC, ama ile ya CIM ya Uingereza (hao wako tangu 1911), unajua swali lenye huangusha watu. Lile la "taja P saba" kila mtu amekremu. Shida ni lile linaanza na kahadithi: kampuni fulani, mauzo yameshuka, wewe ndio meneja, sema utafanya nini.

Wengi hapo humwaga noti. Msahihishaji anazijua hizo noti. Anataka kuona umetumia kisa, kwa hivyo kila pointi iwe na miguu miwili: wazo la darasani, na kitu kilichoandikwa ndani ya hadithi. Mguu mmoja ukikosa, umejinyima maksi mwenyewe.

Chukua kisa cha ukweli, cha hapa mtaani. Mei 2014, sababu ya usalama, Uingereza iliambia raia wake wasiende kisiwa cha Mombasa na ukanda wa pwani kuanzia Mtwapa hadi Tiwi, labda iwe lazima. Cheki ramani: Diani iko kusini ya Tiwi, haikuwa ndani. Hata uwanja wa ndege wa Moi haukuwa ndani. Bado Thomson na First Choice walirudisha wateja wao kwao na kukatiza ndege za Mombasa mpaka Oktoba. Diani ikaumia pia.

Sasa swali: wewe ni meneja wa masoko wa hoteli ya Diani, Juni 2014. Eleza njia tano za kujaza vyumba. Maksi 10.

Jibu la wengi: "Nitapunguza bei, nitafanya promosheni, nitaboresha bidhaa." Wasee, hilo jibu hata duka la viatu Gikomba linaweza kulitumia! Bidhaa ina shida gani? Mchanga ni ule ule mweupe na bahari haijahama. Kilichovunjika ni njia ya mteja kufika, na vile anaamini kuhusu usalama. Kumshushia bei Mwingereza ambaye hana ndege ni kupoteza wino.

Jaribu hivi: "Kwa kuwa ndege za watalii kutoka Uingereza zimesimama, nitauzia familia za Nairobi vyumba hivi hivi, nikishirikiana na ndege za ndani zinazotua Ukunda, ili mteja asipitie feri ya Likoni." Sentensi moja, na ndani kuna soko jipya, mahali, na sababu kutoka kwa kisa. Ukiulizwa Ansoff (jedwali lake ni la 1957), hiyo ni bidhaa ya zamani kwa soko jipya. Watu huiweka kwa kile kiboksi cha bidhaa mpya na soko jipya, juu tu wanaona wateja wamebadilika. Chumba hakijabadilika, buda. Na Kenya ilienda njia hiyo kweli: 2015 ikasukuma utalii wa ndani na kampeni ya Tembea Kenya. Onyo la Mombasa liliondolewa katikati ya mwaka huo.

Siku ya pepa, soma swali kabla ya kisa, ndio ujue unatafuta nini. Pigia mstari namba, tarehe na kitenzi; "taja" na "eleza" hazilipi sawa. Pepa ya saa 3 yenye maksi 100 inakupa dakika 18 kwa swali la maksi 10. Zikiisha, songa.

Pepa za zamani zikiisha, shuka kutoka steji ya Ukunda mpaka Diani Beach Road. Chagua biashara moja: mama wa viazi karai, msee wa boda, dada anauza leso kwa ufuo mvua ya Aprili mpaka Juni ikifukuza wageni. Andika swali, weka saa, jibu. Halafu mpe rafiki asome jibu bila swali. Akikuuliza "hii ni biashara gani?", rudia.