Mawe ya Redio na Mshumaa wa Duarani

Mtu asikiapo jina la Nyarugusu siku hizi, aghalabu huifikiria kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, mkoani Kigoma. Nyarugusu tunayoikusudia sisi katika makala haya si hiyo. Ni kata ya machimbo katika wilaya ya Geita, nchi ya Wazinza, Wasumbwa na Wasukuma, ambayo hadi mwaka 2012 ilihesabiwa katika mkoa wa Mwanza, na tangu hapo imo katika mkoa mpya wa Geita. Hatukusudii kueleza habari za dhahabu yake, maana dhahabu imekwisha kuandikiwa vitabu. Tunakusudia kueleza jambo ambalo halikuandikwa sana, ingawa husemwa kila siku penye vibanda vya chai: jinsi watu wa huko walivyovipima vyombo vya kisasa vilivyowafikia, tangu redio hata pampu ya petroli, ni wapi kipimo chao kilikuwa sahihi, na ni wapi kiliwapoteza watu.

Tuanze na redio, maana ndiyo iliyotangulia. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951, lakini kwa miaka mingi chombo chenyewe kilibaki mali ya watu wachache, hadi zilipoenea redio ndogo za transista zisizohitaji umeme wa waya. Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda cha redio na betri Dar es Salaam, na jina la National likajulikana hata kwa mtoto asiyejua kusoma. Betri hizo vijijini kwetu hazikuitwa betri, ziliitwa mawe. Mtu alisema, "Redio yangu imeishiwa mawe," wala hakuna aliyecheka. Jina hilo lilisemwa sehemu nyingi za nchi, si kwetu peke yetu. Lakini kwetu, ambako mtu aliweza kushinda kutwa akipasua mwamba kutafuta kilichofichika ndani, lilikaa mahali pake hasa. Jiwe la redio nalo halionyeshi kwa nje kama limejaa au limekwisha.

Kwa hiyo lilipimwa. Mnunuzi hakutoa fedha yake mpaka mwenye duka ayatie mawe katika tochi na kummulikia kiganja. Yalipochoka hayakutupwa. Yalianikwa juu ya bati tangu asubuhi, na jioni yakarudishwa katika redio ili walau taarifa ya habari isikike hadi mwisho. Tulipokuwa shule ya msingi tuliambiwa kwamba kuanika mawe juani ni ujinga wa wazee. Yafaa tuseme wazi kwamba walimu wetu walikosea. Jiwe la namna ile lina kopo la zinki, na ndani yake mna unga wa manganizi na uji wa chumvi maalumu. Kadiri linavyotumika, ndivyo umeme unavyozidi kupata kizuizi cha kupita. Joto huhimiza mwendo wa kemikali hizo, na kwa muda mfupi jiwe hutoa nguvu kidogo iliyosalia. Wazee hawakuijua kemia, lakini walikuwa wamejaribu, wakaona, wakajaribu tena. Sijui, ndugu msomaji, kama sayansi ilianza kwa njia nyingine.

Desturi ya kuvijadili vyombo ilikuzwa pia na redio yenyewe. Katika kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, kisha wakajadiliana na kuamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi. Watu wakazoea kwamba habari haijakamilika ikiwa haijazungumzwa. Wakati wa vita vya Kagera, mwaka 1978 na 1979, sisi tukiwa watoto, tuliwaona watu wazima wakiizunguka redio moja dukani. Na taarifa ilipokwisha ndipo mazungumzo yenyewe yalipoanza, kila mtu akieleza mizinga na ndege kana kwamba ameziunda yeye.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mawe yaliadimika pamoja na sukari na sabuni. Mwaka 1984 serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, redio za kaseti zikamiminika, za majina tuliyoyajua na za majina yaliyofanana nayo isipokuwa kwa herufi moja. Hapo watu wakatunga kipimo kipya: uzito. Redio nzito ni nzima, nyepesi ni ya kuchezea watoto. Kipimo hicho kilikuwa na sababu, kwa kuwa kipaza sauti kizuri kina sumaku kubwa. Sisi wenyewe, tulipopata mshahara wa kwanza, tulinunua redio ya kaseti kwa kuipima mkononi kama mtu anunuaye samaki. Ilinyamaza kabla ya miezi mitatu. Fundi alipoifungua alitoa kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi chini ya kifuniko, hakikuunganishwa na waya wowote, kikiwa na kazi moja tu ya kuwa kizito. Akatucheka, akasema hicho kilikuwa cha tatu mwaka ule. Aliyeitengeneza redio ile alikijua kipimo chetu kuliko tulivyokijua sisi.

Simu za mkononi hatutazikalia sana. Jambo moja lakini linafaa kukumbukwa. Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia usiku wa tarehe 16 Juni 2016, watu walikuwa wamekwisha kupewa kipimo miezi kadhaa kabla, tena kwa Kiswahili: bonyeza nyota, reli, sifuri sita, reli, uisome namba ya simu yako, uihakiki. Wachimbaji wasiosoma gazeti walikijua kipimo hicho kwa moyo. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa king'amuzi, miaka ya 2012 na 2013 televisheni ilipohamia mfumo wa dijitali. Chombo kilikuja na jina lake la Kiswahili, na jina likaeleza kazi. (Wataalamu waliotupatia "tarakilishi" hawakuwa na bahati hiyo, watu waliendelea kusema kompyuta.) Chombo kikija pamoja na kipimo chake, watu wa Nyarugusu hawana ugumu wa kukipokea. Taabu huanza chombo kijapo peke yake, kikapimwa kwa kipimo cha chombo kilichotangulia.

Sasa tuingie duarani. Duara ni shimo la wima ambalo wachimbaji wadogo hulishusha hadi wakute mwamba wenye dhahabu, kisha huufuata mwamba huo kwa njia za ubavuni, wakizuia kuta kwa magogo yaitwayo matimba. Mgodi mkubwa wa Geita wa wakati wa ukoloni ulifungwa mwaka 1966, lakini watu hawakuacha kuchimba. Na biashara ya dhahabu ilipolegezwa kuelekea miaka ya 1990, maduara yakaongezeka kupita hesabu. Kazi ya kutwanga mawe kwa mikono ikachukuliwa na karasha, pipa la chuma lizungushwalo kwa injini likiwa na gololi ndani. Karasha ilipokelewa upesi, kwa kuwa kipimo chake kilikuwa kile kile cha zamani: osha unga katika karai, utazame kilichobaki chini.

Ndani ya duara kipimo kikuu kilikuwa mshumaa. Mchimbaji alishuka nao. Ukififia, alipanda juu bila kuuliza. Nacho kilikuwa kipimo kizuri. Hewa tunayovuta ina oksijeni kiasi cha sehemu 21 katika 100; ikipungua hadi 16 au 17, mshumaa huzimika, ilhali mtu bado anazo nguvu za kukwea kamba. Vizazi vya wachimbaji viliokolewa na mwali huo mdogo.

Kisha ikaja pampu ya petroli. Maduara yalikuwa yamekwenda chini, maji yakajaa, na ndoo hazikuyaweza. Pampu iliyowekwa juu ya ardhi huvuta maji kwa kusukumwa na uzito wa hewa, na kwa nguvu hiyo haiwezi kuyanyanyua zaidi ya mita 10. Kwa kweli hushindwa kwenye mita saba au nane. Wachimbaji walijaribu, wakaona haivuti, wakafanya ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: wakaishusha pampu kwa kamba hadi karibu na maji. Injini ikanguruma chini, maji yakatoka juu, watu wakashangilia. Mshumaa ukawashwa, nao ukawaka vizuri kabisa.

Moshi wa petroli una gesi iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Huishika damu kwa nguvu kuliko oksijeni inavyoweza, na kiasi kidogo sana chatosha kumlaza mtu asiamke. Kiasi hicho hakiuzimi mshumaa. Anayeivuta huumwa kichwa, magoti humlegea, usingizi humpata; naye mwenzake akimwona ameanguka hushuka kumwokoa, akaanguka juu yake. Vifo vya namna hiyo vimetokea katika machimbo madogo ya nchi nyingi.

Tulipata kuketi na mzee mmoja aliyeacha kazi hiyo baada ya kuwapoteza vijana wawili katika duara moja kwa saa moja. Tulimwendea kiofisi, tukiandika habari za ngoma za machimboni, lakini yeye hakutaka kusema habari za ngoma.

"Mshumaa ulikuwa unawaka, mwanangu," akatuambia. "Niliuona kwa macho yangu haya. Ulikuwa unawaka, na wao wamelala."

Tukamwuliza watu walisema nini siku ile. Akajibu kwamba wengine walisema mwenye dhahabu amedai haki yake, na wengine walisema mwamba umetoa pumzi. Afisa mmoja alifika, akasema ni uzembe, akaandika hivyo. Kuhusu pampu hakuna aliyesema neno.

"Na wewe, mzee, ulisema nini?"

"Niliuzima mshumaa."

Wakati huo hatukuwa na la kumjibu, maana nasi hatukujua. Elimu yetu ya sekondari ilitufundisha kaboni monoksidi kwa alama za kitabuni, tukaijibu katika mtihani, tukaisahau. Haikutupitia akilini kwamba ndiyo iliyokuwamo katika shimo lile. Neno la "uzembe" tunalikataa kabisa. Mzembe ni mtu asiyepima. Watu wale walipima, tena kwa kipimo kilichokuwa hakijawahi kuwadanganya. Karatasi ya maelezo iliyokuja na pampu, tuliyoionyeshwa ikiwa imefungiwa misumari, iliandikwa kwa Kiingereza na Kichina, na ilionya injini isiwashwe mahali pasipo na hewa ya kutosha. Onyo lilikuwa limefika Nyarugusu. Lilikuwa kibandani, limeshika misumari.

Tarehe 26 Januari 2017 jina la Nyarugusu lilisikika nchi nzima. Ardhi ya mgodi mmoja ilititia, ikawafungia chini wachimbaji 15, mmoja wao akiwa raia wa China. Kwa siku tatu watu walisikiliza redio kama tulivyosikiliza wakati wa vita, na wengi waliukumbuka mkasa wa Nyangarata, wilayani Kahama. Huko wachimbaji waliofukiwa tarehe 5 Oktoba 2015 walikaa chini siku 41, wakila mende na vyura na kunywa maji ya matope. Mmoja alikufa humo, na watano wakatolewa hai tarehe 15 Novemba. Kwa sababu ya Nyangarata, hakuna aliyethubutu kusema Nyarugusu kwamba wale 15 wamekwisha kufa. Tarehe 29 Januari wote wakatolewa, wote wazima.

Katika duara, kwa hiyo, akili ya kawaida husema: toboa upesi, hewa iwafikie, na akili hiyo ni ya kweli. Lakini tazama jambo lililotokea katika ziwa lile lile tunalovuka kwenda Mwanza. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu kabisa na kufika bandarini, ikaelea tumbo juu, na ndani mlisikika watu wakigonga. Ubavu wake ukatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa imefungwa ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiielesha meli na kuwaweka hai waliokuwamo, ikatoka kwa kishindo, na meli ikaenda chini. Waliokufa wanakadiriwa kupita 800. Hatusemi hivi kuwalaumu waliotoboa, ambao walifanya wakijua kwamba wanaokoa. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na watu 228 wakafa, fundi mitambo wake alikutwa hai siku mbili baadaye, katika nafasi ndogo ya hewa iliyosalia ndani. Ajali hizo mbili bado hujadiliwa vibandani Nyarugusu, na tumewahi kumsikia kijana mwendesha karasha akieleza tofauti ya duara na meli kwa kuzamisha kikombe cha chai kifudifudi ndani ya ndoo, kisha kukiinamisha kidogo ili mapovu yatoke. Mwalimu wa fizikia asingelieleza vizuri zaidi.

Mahali umeme ulipofika, zipo sasa pampu za umeme zinazozamishwa majini zisizotoa moshi, na vipo vyombo vidogo vinavyolia vikiikuta gesi ile. Kimoja tulipata kukiazima, tukakipeleka kwa yule mzee, tukamweleza kwa Kiswahili kazi yake. Alikigeuza mikononi. Hakukipima uzito. Akauliza: ikiwa kimekufa chenyewe, mtu wa chini atajuaje? Tukamwonyesha kitufe cha kukijaribu, akakibonyeza mara tatu, kikalia mara tatu. Kisha akauliza kinatumia mawe mangapi, na kama mawe yake huanikwa.

Tukamjibu ni mawili, na kwamba haya yakichoka yatupwe, yasishuke tena chini.