Kiapo na Alama za Vidole

Ni rahisi kudhani kuwa upelelezi ulifika Meru na Embu pamoja na polisi wa kikoloni. Lakini wazee wa baraza la Njuri Ncheke kule Meru, na wenzao wa Mbeere kule Embu, walihoji mashahidi kwanza. Ushahidi ulipokwisha ndipo wakamwapisha mshukiwa, kwa imani kwamba aliyeapa uongo angepatwa na msiba. Aliyekataa kuapa alijitia mwenyewe shakani. Utasema kiapo hakithibitishi kitu, maana anayefiwa baada ya kuapa huenda kapatwa na msiba wa kawaida tu. Kweli kabisa. Ila hata alama za vidole, chini ya sheria ya 1915 ya kipande, yaani kitambulisho cha vibarua Waafrika, zilichukuliwa ili kumdhibiti kibarua aliyetoroka, si kumnasa mwuaji. Leo ibara ya 159 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inatambua usuluhishi wa wazee, mradi haki za binadamu zisikiukwe. Ushahidi wa damu na vinasaba, nao, hupelekwa maabara ya serikali.