Dari Isiyofunguka

Ukitaka kujua nyumba ya mtaa wetu wa Kanyosha ina umri gani, usimuulize mwenye nyumba, huenda naye kainunua juzi. Omba mkeka, lala chali, utazame juu. Mafunjo yaliyosukwa yana zama zake. Triplex iliyopigwa misumari ina zake. Plastiki nyeupe inayong'aa kama sahani ya harusi, hiyo ni ya jana. Na ukiona jipsamu yenye ngazi ngazi na taa za rangi zilizofichwa pembeni, jua mwenye nyumba bado anadaiwa na fundi.

Sisi wa Bujumbura tunaiita plafoni, neno tuliloachiwa na Wabelgiji. Neno la Kiswahili lilitangulia kufika, likija na misafara ya kutoka pwani, Tabora na Ujiji, na wazee wa mtaa wa Buyenzi bado wanalo: dari. Pwani dari ni kitu kizito, kwa kuwa ndiyo pia sakafu ya anayeishi juu. Lamu, Zanzibar na Mombasa iliundwa kwa boriti za mikoko zilizopangwa sambamba, juu yake mawe ya tumbawe, kisha chokaa iliyoshindiliwa. Boriti ya mkoko haina urefu wa kujivunia, kwa hiyo vyumba vya majumba yale vinaweza kurefuka upendavyo ila upana wake mara nyingi hauvuki mita tatu. Mti wa darini ndio uliompangia mwenye nyumba ukubwa wa sebule yake. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba, ambako miti ni adimu, na vyumba vya huko navyo vikachukua kipimo cha mkoko wa Lamu na Rufiji.

Kilwa Kisiwani walikwenda mbali zaidi. Katika msikiti mdogo wa kuba wa karne ya 15, mafundi walipachika bakuli zilizong'arishwa kwa rangi ndani ya dari, zikimtazama anayesali. Kilichozishika ni chokaa tu. Nalitaja hilo mapema kwa sababu swali la dari tangu zamani limekuwa lilelile: kitu kizito kimewekwa juu ya vichwa vya watu, nini kinakizuia kisianguke? Swali la pili huja baadaye, na mafundi wengi husahau kuliuliza. Siku ukihitaji kufika nyuma yake, utapitia wapi?

Nyumba ya asili ya Kirundi haikuwa na swali hilo. Ilikuwa msonge wa nyasi, na paa lilivyosukwa kwa ndani ndivyo macho yalivyoliona. Ukienda Gishora karibu na Gitega, kwenye boma la ngoma linalohusishwa na Mwami Mwezi Gisabo, inua macho: fito zimezungushwa duara ndani ya duara, zimefungwa kwa kamba, na hakuna msumari. Moshi wa jikoni ulipanda taratibu ukitokea kwenye nyasi, na njiani ukafukuza wadudu. Paa na dari vilikuwa kitu kimoja.

Vilitenganishwa na nyumba ya pembe nne. Mapadri walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka 1899, Wajerumani walikuwa wameshaweka kituo chao cha kijeshi Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1897, na tofali na vigae vikaanza kuenea. Kigae ni kizuri kwa mvua lakini kina nyufa. Vumbi linaingia, popo wanaingia, na usiku wa upepo masizi yanashuka kwenye sufuria. Bati lililofuata lilizuia vumbi likaleta moto: kando ya Ziwa Tanganyika, katika mita zisizofika mia nane juu ya usawa wa bahari, chumba cha bati tupu saa nane mchana hakikaliki, na mvua ikinyesha wawili mlioketi mkeka mmoja hamsikilizani.

Jibu la kwanza lilitoka bondeni. Mafunjo, Warundi wanayaita urufunzo, yalikatwa, yakakaushwa, yakasukwa kuwa mikeka mipana, na mikeka ikafungwa chini ya kenchi. Mimi naihesabu kuwa dari yenye akili kuliko zote tulizowahi kuwa nazo. Inapumua. Ni nyepesi, hata ikianguka haimvunji mtu. Bei yake ilikuwa nguvu za msukaji. Na bati likivuja, unapanda ngazi, unafungua kamba tatu, unaingiza kichwa, unaziba, unafunga. Kasoro zake nazo nazijua: panya wanaipenda, inashika moto haraka, na ikizeeka inamwaga unga mwembamba juu ya kitanda. Wenye uwezo walipoanza kuona haya kuwa na mkeka juu na mkeka chini, ukaondoka.

Nafasi yake ikachukuliwa na mbao za viwandani. Triplex ni tabaka tatu za ubao mwembamba zilizogundishwa, nyuzi za tabaka la kati zikikata zile za nje ili ubao usijikunje. Ikaja pia ile mbao ngumu ya kahawia, laini upande mmoja na yenye alama ya wavu upande wa pili. Mwanzilishi wake ni Mmarekani William Mason, ambaye mwaka 1924, huko Laurel katika jimbo la Mississippi, alilipua vipande vya mbao kwa mvuke wenye shinikizo kubwa hadi vikawa nyuzi, kisha akazikandamiza kwa joto. Mabaki ya kiwanda cha mbao yakageuka dari za watu.

Mbao hizi zilikuja na msumari, na msumari ulikuja na ugomvi wake. Kenchi zetu nyingi ni za mkalitusi. Unakatwa mlimani leo, kesho kutwa uko juu ya nyumba ukiwa bado mbichi. Ukikauka unasinyaa, msumari unabaki ulipokuwa, na kichwa chake kinaanza kuchungulia chini. Ndiyo maana dari nyingi za triplex zina mikanda ya mbao iliyochora miraba: inaziba viungo, na inaficha vile vichwa. Tulidhani ni urembo.

Kuna ubao mwingine ambao haufai kuguswa hovyo. Mwaustria Ludwig Hatschek aliuvumbua mwanzoni mwa karne ya 20 kwa kuchanganya saruji na nyuzi za asbesto, akaupa jina Eternit kutokana na neno la Kilatini la umilele. Hauozi, hauliwi na mchwa, hauungui. Ukiutoboa au kuuvunja unatoa vumbi lisiloonekana ambalo linakaa mapafuni na linaweza kuzaa saratani miaka mingi baadaye. Jirani zetu Rwanda walianza mpango wa taifa wa kuuondoa mwaka 2011. Anayenunua nyumba ya kikoloni na kumwita kijana aje na nyundo, kwanza aangalie atakachogonga.

Sasa jipsamu. Ni jiwe laini, na majirani zetu wa Tanzania wanalichimba Itigi na Kilwa. Ukilichoma kwa joto la nyuzi 150 hivi, sehemu kubwa ya maji yaliyomo inatoka, unabaki na unga. Ukirudisha maji, unga unakuwa jiwe tena. Nyumba ikishika moto, maji yale yaliyofungwa ndani yanageuka mvuke na kuuchelewesha moto. Mwaka 1894 Mmarekani Augustine Sackett alipata hataza ya ubao uliowekwa plasta hiyo kati ya tabaka za karatasi. Nchini mwake kazi iliyomchukua fundi wa plasta siku nyingi za kusubiri ikauke ikawa kazi ya kufunga mbao.

Kabla yake, mwaka 1856, Desachy wa Ufaransa alikuwa amesajili plasta iliyoimarishwa kwa nguo, mama wa mapambo yale ya maua na pembe ambayo nchi zinazosema Kifaransa huita stafu. Baadaye kazi ya nguo ilifanywa pia na nyuzi za mkonge: fundi anachovya fungu la nyuzi kwenye plasta mbichi, analizungusha kwenye kenchi, analishikiza nyuma ya ubao, linakauka kama mfupa. Mkonge huo Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na ni miche 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai. Nakubali hapa nimetoka nje ya njia. Ila inanifurahisha kwamba dari za fahari zilishikwa na kamba ya majani, kama mkeka wa mafunjo.

Ubao wa jipsamu wenyewe hauupendi msumari, unapasuka. Unataka skrubu yenye kichwa kilichopinda kama tarumbeta, kinachozama bila kuichana karatasi, na yenye alama ya msalaba ambayo Henry Phillips aliipatia hataza mwaka 1936. Kwenye zege kuna kile kidude cha plastiki kinachotangulia skrubu kikatanuka ndani ya tundu. Kimetokana na wazo la Mwingereza John Rawlings la mwaka 1911, na Mjerumani Artur Fischer akakitengeneza kwa nailoni mwaka 1958.

Mwaka huohuo wa 1958, mwezi Septemba, Mmarekani Donald Brown aliomba hataza ambayo kwangu mimi ndiyo kilele cha hadithi hii. Kabla yake, Eric Hall alikuwa amebuni mwaka 1919 dari ya kuning'inia ya vipande vinavyoumana, kimoja kikiingia kwenye mwenzake. Ilipendeza, lakini ukitaka kufika kwenye bomba lililo katikati ya chumba ilibidi uanze kubomoa ukutani, kipande baada ya kipande. Brown alining'iniza reli kwa waya, akavilaza vipande juu yake, basi. Hakuna msumari wala gundi. Uzito wa kipande ndio kifungo chake. Unasukuma kwa kidole, kinainuka. Hataza ilitoka mwaka 1961, na dari hiyo ndiyo unayoiona katika ofisi na benki za katikati ya jiji letu.

Rudi sasa Kanyosha, upande wa barabara ya Rumonge, ambako nyumba zinaota kila msimu wa kiangazi. Dari ya bei nafuu leo ni mbao za PVC, plastiki ambayo Waldo Semon alipata njia ya kuilainisha huko Akron, Ohio, mwaka 1926. Ni nyepesi, maji hayaiozeshi, mchwa wanaikataa. Inafungwaje? Ulimi wa ubao mmoja unaingia kwenye mfereji wa mwingine, na kila ubao unaficha skrubu za uliotangulia. Waya ukiungua katikati ya sebule, fundi anaanza ukutani, ubao baada ya ubao. Tumerudi mwaka 1919.

Jipsamu nayo, viungo vyake vinazibwa kwa utepe na plasta, vinasuguliwa, vinapakwa rangi mpaka chumba chote kiwe uso mmoja. Hapo mwenye nyumba anapiga picha. Masika yakifika, bati likitoboka, doa la rangi ya chai linatokea juu ya kabati na kupanuka kila wiki. Hakuna pa kupitia. Fundi anachora mraba kwa penseli, anaukata kwa kisu, anatia kichwa, anaziba bati, kisha anarudishia kipande. Rangi ya kipande hicho haitafanana na jirani zake hata ukipaka mara nne.

Juu ya dari pana mambo mengi kuliko waya na panya. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, wapo waliopona kwa kulala kimya juu ya plafoni siku nyingi, huku waliowasaka wakitembea chini yao. Watu wa umri wangu, wakijenga, huuliza mlango wa darini utakuwa wapi kabla ya kuuliza rangi. Vijana wanaona ni kuharibu mapambo.

Nyumba niliyopanga ni ya zamani, ya triplex na mikanda. Kwenye ujia, karibu na mlango wa stoo, kuna mraba mmoja wa nusu mita ambao fundi wa siku zile aliuacha bila msumari hata mmoja. Ukiusukuma kwa mpini wa ufagio, unainuka.